Kikoi cha Kijani

Mji mzima, mmea ule wa kutambaa wenye maua ya rangi ya feruzi ulikuwa kwa Mwatime peke yake. Leo anauona kwa jirani yake Sikudhani, unapanda ukutani bila haya.

“Shoga, huu umeutoa wapi?”

“Ndege hao, wameniangushia mbegu.”

Ndege! Mmea ambao tangu aupande haujazaa hata mbegu moja, hauoti ila ukatwe tawi! Mwatime akausogelea. Tawi lilikuwa limefungwa kwenye ufito kwa kipande cha kikoi cha kijani. Kikoi cha mumewe, kile alichomwapia kwamba kimepotea kwa dobi.

“Nani kakufungia?”

Sikudhani akachukua kopo, akaanza kumwagilia. Shinani pakafurika, maji yakawafika miguuni, naye bado anamwaga.