Mstari wa Mwisho wa Shaweji

Zamaradi alikuwa akimpepea mumewe, Shaweji, hodi ilipopigwa. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, amevaa beji ya fundi wa vichwa.

"Dada, nimekuja kuchukua kumbukumbu za kuanguka kwa mzee."

Siku hizo kila mtu alikuwa na mtambo kichwani. Ukizima na kujiwasha upya, mtu aliamka amesahau siku nzima, isipokuwa mistari michache ya mwisho iliyojihifadhi ili mafundi wajue kilichomwangusha. Kwa sheria, mistari hiyo ilikaa katika bangili ya mwenzi wake wa ndoa, na kidole cha mwenzi huyo tu ndicho kilichoweza kuikabidhi au kuifuta.

Zamaradi alikuwa ameshaisoma. Shaweji alikuwa ameanguka mara tatu, na mara zote mstari wa mwisho ulikuwa mmoja: *Riziki anacheka.* Riziki, mtalaka wake! Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki.

"Mkishajua kilichomwangusha, mnafanyaje?"

"Tunakirudia mbele yake mpaka kosa lionekane. Kama ni mtu, mtu huyo anakuja kukaa naye hapa. Tusipojua, akianguka tena huenda asiamke."

Kutoka mkekani Shaweji alicheka kwa udhaifu. "Zama, uliniahidi hutaifuta mistari yangu, hata kama humo nimeyasengenya mapishi yako."

"Nyamaza, wewe."

Zamaradi aliweka kidole juu ya bangili. Kisha akakikandamiza, akaikabidhi mistari.

Fundi alisoma. "Riziki ni nani?"

"Mgeni wetu," alisema Zamaradi. "Mwambie aje."