Balbu Ndani ya Kanga

Tangu mkewe amwache Durban na kurudi kwao Moshi, balbu za taa za mbele za gari zilikuwa zikiungua moja baada ya nyingine. Jioni ile Gadiel alimeza kiburi, akampigia simu.

“Kioo cha balbu unakishika kwa vidole?” mkewe aliuliza.

“Vidole vyangu ni safi.”

“Vina mafuta, baba watoto. Yakipata moto, balbu inaungua. Ndiyo maana nilikuwa nakupa ikiwa ndani ya kanga, nawe ukinicheka kwamba nimebeba kichanga.”

Gadiel aliitazama alama ya kidole chake, nyeusi juu ya kioo kilichoungua.

“Tafuta kitambaa kikavu,” mkewe alisema.

“Kanga yako ipo. Inaning'inia nyuma ya mlango.”



“Uliniambia uliichoma moto.”