Pua ya Mwenyekiti

Mtoto wa kwanza alifumba macho, akanusa, akasema, "Dagaa."

Mzee Severini akauma mdomo asije akacheka kwa furaha. Amemnasa, tena mapema namna ile!

Maana kilichokuwa kwenye kipande cha jani la mgomba mbele ya yule mtoto kilikuwa karafuu ya kusaga. Mzee aliiponda kwa mkono wake jana jioni, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaiweka kwenye rafu ya jikoni katikati ya vifurushi vingine kama hicho vya mkewe Rosa. Na katika Matombo nzima, kijiji cha karafuu, mtoto anayeita karafuu dagaa ni yule tu ambaye korona imemla pua.

Wazo lilikuwa lake, na aliliona la kitaalamu kabisa. Jumatatu, Mwalimu Mkuu Nasra alisimama mstarini akatangaza kwamba mwanafunzi mmoja amepatikana na korona, yuko kwao anauguzwa, na jina lake halitatajwa. Tangu hapo kijiji hakikulala. Ingekuwa msimu mwingine, watu wangemjua kwa kuangalia nani hayupo darasani. Lakini ilikuwa masika, njia zimekatika, nusu ya shule haipo. Basi kila mzazi alimshuku mtoto wa jirani, na watu wakawa wanasalimiana kwa mbali kama mtu na mama mkwe.

Severini, mwenyekiti wa kamati ya shule, alimfuata mwalimu ofisini.

"Jina, Mwalimu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Silitaji, Mzee," alisema Nasra, binti aliyetoka Bigwa, mwenye sauti ndogo na shingo ngumu. "Nikilitaja leo, mtoto yule atanyooshewa kidole mpaka azeeke. Na kesho hakuna mzazi atakayekuja kuniambia wake anaumwa."

"Basi waliobaki nitawatafuta mwenyewe. Nikimnasa mmoja, jina lake linasomwa Ijumaa mbele ya wazazi wote, pamoja na ukoo wa mama yake!"

"Awe nani?"

"Awe nani! Hata awe mjukuu wangu."

Nasra hakupenda, na uso wake ulisema hivyo. Lakini mwenyekiti ndiye aliyewashika wazazi, na bila wazazi shule isingepata hata ndoo za kunawia mikono. Akakubali shingo upande.

Pua yenyewe, tuseme kweli, haikuwa ya mchezo. Wanunuzi wa karafuu kutoka mjini walipanda mlima na matope yote yale kumtafuta Severini awanusie magunia. Naye, macho kayafumba, aliwaambia lipi limeanikwa vizuri na lipi limelala na unyevu. Mtu wa namna hiyo akisema anakwenda kuwakamata wasionusa, nani atambishia?

Asubuhi hiyo alichukua kifurushi rafuni, akatoka kwake kifua mbele. Hata ugomvi na Rosa haukumharibia siku. Chai ya tangawizi ilikuwa maji matupu. Akamwambia kwamba siku hizi amekuwa bahili, na Rosa akanuna. Njiani paka wa jirani alimfuata hadi uwanja wa shule, naye mzee akamfukuza kwa fimbo.

Sasa ikawa zamu ya mtoto wa pili. Akanusa, akasema, "Dagaa, babu."

Wa tatu alikuwa Ezekiel, mtundu wa darasa la sita. Alinusa kwa madaha kama mnunuzi aliyetoka mjini. "Dagaa," akasema. "Wa Mwanza lakini, siyo wa Kigoma."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Nasra, aliyekuwa amesimama mbali na barakoa yake usoni, akaja juu. "Mmekula njama, siyo? Mnataka shule ifungwe mkaogelee mtoni!"

Severini naye alikwisha kuwashtukia. Watoto wa siku hizi, hata ugonjwa wanaufanyia mzaha! Lakini dawa yao alikuwa nayo. Akamwita Mwalimu Thobias wa hisabati, mtu ambaye hata siku ya harusi yake hakutabasamu, wala hajapata kusema uongo, hata ule wa kumwokoa mtu.

Thobias akateremsha barakoa, akafumba macho, akanusa. Kisha akanusa tena.

"Samahani, Mwenyekiti," akasema. "Dagaa."

Kicheko kikakatika. Kumbe si njama, ni msiba: watoto, walimu, shule nzima! Kwa mara ya kwanza wiki ile Severini hakuwaza jina la mtu. Aliwahurumia kweli, machozi yakamlenga.

"Fungeni shule!" akapaza sauti. "Mwalimu, piga simu wilayani waje na magari! Jamani, hapa hakuna hata mmoja aliyebaki na pua!"

"Hebu nione hicho kifurushi, Mzee," alisema Nasra.

Akakipokea kwa ncha za vidole, akateremsha barakoa, akanusa mara moja tu. Akamtazama mzee. Halafu akaipandisha barakoa mpaka chini ya macho, akarudi nyuma.

"Ni dagaa wa kusaga, Mwenyekiti," alisema kwa upole. "Jina silitaji, ila sogea mbali na watoto."