Bahari Ndogo ya Kabuta

Yolande alikuwa akiwatia chumvi samaki walio hai.

Jirani yake, Mama Kalaba, alisimama kando na bakuli la uji. Alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake.

"Awe, mayo! Siye samaki tunamutiaka chumvi akishakufa. Weye unamutia angali muzima?"

"Maji ya hii sanduku ni ya bahari," Yolande alisema. "Bila chumvi haiko bahari."

Samaki walikuwa watatu, wadogo kama kidole, waliovuliwa ziwa Mweru asubuhi hiyo. Chumvi ilikuwa ile ya mawe ambayo wanawake wa Kabuta hukaushia samaki wao. Yolande alikoroga kwa mwiko, akaonja, akaongeza kidogo. Kabla uji haujapoa, wote watatu walikuwa wakielea ubavu.

Sanduku lenyewe lilikuwa la kioo, dogo, la kuingia ndoo moja ya maji. Mumewe, Guylain, alilileta kutoka Dar es Salaam enzi zake za udereva wa malori. Alilipanga kwa subira: kwanza mchanga na mawe ya matumbawe, akangoja mwezi mzima, kisha konokono wawili, kisha samaki mmoja wa rangi ya chungwa, na wiki tatu baadaye wa pili. "Ukiwaingiza wote mara moja, maji yanaharibika," aliwaeleza watu. Kabuta nzima ilimcheka mtu anayenunua samaki halafu anawalisha yeye.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono ukapooza, ulimi ukafungwa, shingo ikalala upande wa ukuta, lilipokuwa sanduku. Tangu siku ile alilitazama kutwa. Yolande alikaa mlango wa nyuma, mgongoni mwa mgonjwa, akipasua samaki wake wa kuuza, akiingia mara kwa mara kumpa uji. Guylain alikula vizuri, macho kwenye kioo.

"Ni hao samaki wanamushikilia," watu walisema, na Yolande aliwaamini.

Ndipo umeme ulipokatika siku mbili na mashine ya hewa ikanyamaza. Yolande alikoroga maji kwa kikombe mpaka bega likawaka moto. Samaki wa kwanza akafa, kisha wa pili.

Akaanza kuhangaika. Siku moja alishinda kituo cha minibasi Nchelenge akiuliza madereva nani anakwenda pwani. Siku nyingine alishinda ufukweni akiwasihi wavuvi wamchagulie samaki wenye rangi, akapata wale watatu aliowatia chumvi. Kila alipotoka, Mama Kalaba alikuja kukaa na mgonjwa, bila kuombwa, na bakuli lake mwenyewe.

"Ukitoka tu, anafungaka macho," Mama Kalaba alimwambia. "Hata kijiko kimoja anakataa."

"Ataangalia nini? Hamuna samaki."

Muuguzi alikuja kwa baiskeli kutoka Kafutuma. Alimfinya Guylain ngozi ya mkono. Ngozi ikachelewa kurudi. Akamvuta Yolande pembeni.

"Mama, kama hakuli hii wiki, tusidanganyane."

Tumaini lilibaki kwa Félix, aliyewahi kuendesha lori pamoja na Guylain. Alipopigiwa simu huko Dar es Salaam hakuuliza maswali. Alifika siku ya tano, akashuka kwenye minibasi ya Mansa amepakata ndoo kama mtoto mchanga. Humo mlikuwa na mifuko minne ya plastiki, samaki mmoja kila mfuko. Watatu walikuwa wamekufa njiani.

"Unisamehe, shemeji. Hata kulala nililala nimewashika."

Nauli hakutaka arudishiwe. Yule mmoja aliyebaki walimwingiza taratibu, wakapumua pamoja alipoanza kuogelea. Asubuhi alikuwa chini, mdomo wazi.

"Nitaenda tena," Félix alisema.

"Siku ngapi?"

"Kumi, kama barabara iko muzuri."

Yolande alizitazama mbavu za mumewe.

Alimwaga maji yote. Akaosha mawe, akayarudisha, akajaza maji safi, kwa sababu tu hakuweza kumwacha Guylain akitazama sanduku kavu.

"Leo siende popote," alimwambia Mama Kalaba. "Nitakaa tu."

Akawasha mbabula, jiko lake la makaa, kule mlango wa nyuma, akaketi kwenye kigoda chake, akashika kisu. Alipasua samaki bila kuwaona. Machozi yalimdondokea mikononi. Aliomba kitu kimoja tu: kama ni leo, asiumie.

"Mayo! Kuja! Kuja uone!"

Yolande aliangusha kisu. Ndani, Mama Kalaba aliinua bakuli juu kama mtu aliyeshinda mchezo. Lilikuwa limebaki nusu. Guylain alimeza, akafungua mdomo tena, macho yamekaza kwenye sanduku.

"Lakini anaangalia nini?" Mama Kalaba alinong'ona. "Kuko maji tu."

Yolande alipiga magoti. Akalaza kichwa chake kwenye mto, shavu likigusa shavu la mumewe, akatazama alikotazama yeye.

Mawe hayakuonekana kutoka pale. Juu ya uso wa kioo uliakisiwa mlango wa nyuma na mwanga wake, mbabula ikifuka moshi, kisu kimelala chini, na kigoda kitupu.

Guylain aliyahamisha macho yake polepole, yakaacha kioo, yakamtafuta mkewe pale kwenye mto, kando yake.