Kayamba la Bibi Harusi

Katika ofisi ya kanisa, Zefania, mwalimu wa kwaya, aliorodhesha kwenye karatasi nyimbo tatu za harusi ya Mama Tumsifu. Kwenye nafasi ya wimbo wa kuingilia alichora mstari.

"Hapa umesahau," Mama Tumsifu alisema.

"Sijasahau, mama. Ninyi mnabariki ndoa. Mmeishi pamoja miaka ishirini na watoto mnao. Watu wa namna hiyo huingia kimya, kwa mlango wa pembeni. Ndiyo desturi yetu."

"Miaka yote hiyo nimekaa benchi la nyuma, sijagusa meza ya Bwana. Nimekaa kimya vya kutosha, Mwalimu."

"Kwaya haitaimba."

"Basi ipumzike." Alifungua kikapu, akatoa kayamba la marehemu mama yake na kuliweka juu ya karatasi, palepale penye mstari. "Nitapiga mwenyewe."

Zefania alicheka. "Bibi harusi apige kayamba? Na maua utashika kwa mkono gani?"

"Maua atashika bwana harusi. Mikono anayo."

"Wazee wa kanisa watakukataza."

"Nimemwomba Mungu ruhusa kila alfajiri tangu Kwaresima. Hao wazee nitawasalimia nikipita."

Alichukua kayamba lake, akatoka ofisini, akazunguka hadi mlango mkubwa wa kanisa. Kanisa lilikuwa tupu. Alitembea katikati ya mabenchi akilitikisa kwa kila hatua, na Zefania akamfuata mpaka kizingitini, kalamu ingali mkononi.

Alipofika mbele ya madhabahu, Mama Tumsifu aliona ametembea haraka mno. Akageuka, akarudi mpaka mlangoni, akaanza upya.