Visheti vya Bi Sundus

Kwa mara ya sita, Wahid alikuwa akimchagulia Bi Sundus safari ambayo hakuna mtu angeifunga.

Aligeuza skrini ya kompyuta ili mama yule mtu mzima aone vizuri: bonde la Ourika, kule Moroko, mto unapita kwa kishindo na milima imevaa theluji juu. Bi Sundus akaweka miwani, akatazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Pazuri mno! Marehemu mume wangu Nassor aliniahidi kunipeleka miaka arubaini, mpaka akaondoka zake. Nikifika huko, nataka kwenda bondeni asubuhi na kurudi hotelini jioni, gari langu peke yangu, na mwongozaji wangu peke yangu. Sitaki kuburuzwa na kundi la watu. Sasa hebu nambie, Shihab mwanangu..."

"Naitwa Wahid, mama."

"Haya, Wahid. Ule mto unavukwa vipi, na magoti yangu haya?"

Kila Jumanne alimpachika jina jipya, na kila Jumanne alimletea visheti vilivyofungwa kwa karatasi iliyolowa mafuta. Wahid alivila palepale juu ya meza, karatasi akaitupa, vidole akavifuta kwa suruali. Ofisi yake ya safari ilikuwa chumba kimoja tu chini ya hoteli moja ya mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai, na hakuwa na mteja mwingine wa kumletea hata maji.

Mpango ulikuwa wa Adib, mtoto wa Bi Sundus. Alikuja siku moja, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama kumbukumbu zinampotea. Safari haiwezi, lakini nikimkataza analia. Wewe mwache achague, mpe karatasi yoyote, arudi nyumbani na furaha yake. Kufika Ijumaa keshasahau. Tafadhali, ndugu yangu."

Wahid akakubali. Adib alikuwa mteja wake mkubwa, na siku ile jambo lenyewe lilionekana kama huruma.

Sasa halikuonekana hivyo hata kidogo. Jumanne ya kwanza Bi Sundus aliulizia gari. Ya pili, punda wa kupandia mlima. Ya tatu, nani atampokea uwanja wa ndege mtu asiyejua Kifaransa. Ya nne, kiti cha magurudumu kinaombwa vipi. Ya tano, mwongozaji mwenye kibali utamtofautisha vipi na tapeli. Wahid alimjibu yote kwa ukweli mtupu, maana kazi yake aliijua, na uongo mmoja ulikuwa unamtosha. Halafu akachapa karatasi yenye nembo, tarehe, na namba yake ya simu chini.

Bi Sundus aliipokea kwa mikono miwili. Akaikunja taratibu, akaitia mkobani, akamwombea dua ya riziki na mke mwema.

Dua ile ilimchoma Wahid kuliko matusi. Alijiona mwizi. Mama yake mwenyewe alikuwa Malindi, na mtu angemfanyia mchezo kama huu, Wahid angemkaba koo. Kubwa zaidi, aliogopa siku Bi Sundus atakapoamini kweli, afunge begi, asimame mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege na ile karatasi yake isiyo na maana, achekwe na wasichana wa umri wa wajukuu zake.

"Jumanne ijayo namwambia," akaapa. "Adib akinuna, na anune."

Jumanne ikaja. Bi Sundus hakuja. Wahid alikaa na aibu yake mpaka jioni, akitazama mlango.

Jumatano Adib akapiga simu. "Wahid, mama hayupo! Mimi nilikuwa Maskati, nimerudi sasa hivi. Prossy, dada wa kazi, anasema tangu Jumatatu mama alimuaga kwamba anakwenda kulala kwa dada yake. Kwa dada yake hawajamwona! Begi halipo, pasipoti haipo, na zile karatasi zako hakuna hata moja."

Wahid hakukumbuka alifungaje ofisi. Pale uwanja wa ndege alikwenda kaunta hadi kaunta: mmemwona mama wa buibui, mwenye miwani, ameshika karatasi ya safari ya Moroko? Mmemrudisha? Alikwenda wapi? Wote walitikisa vichwa, wengine hata hawakuinua macho. Mwishowe akajibwaga kwenye kiti katikati ya watu na mizigo yao, akaanza kulia bila kujificha. Akilini alimwona Bi Sundus amekataliwa, ameona haya kurudi nyumbani, anazunguka peke yake katika mji wenye joto la kuua. Ya Rabi, nimemwangamiza mama wa watu.

Simu ikatetemeka. Namba aliyoiona ilikuwa ya Moroko.

Picha ilifunguka kwanza: Bi Sundus juu ya punda, amelikunja buibui mpaka juu ya vifundo vya miguu, nyuma yake mto na theluji. Kisha ikaja sauti yake, maji yakinguruma kwa mbali.

"Wahid mwanangu, nimefika salama. Mwambie Adib narudi Ijumaa, na asinipigie kelele. Tiketi nimekata duka la jirani yako, wao hawana muda wa kujibu maswali. Mwongozaji wangu anastaajabu nani kanifunza yote haya. Nimemwambia ninaye mwalimu wangu Dubai. Zile karatasi zako nimekurudishia moja moja, kila Jumanne. Siku nyingine, baba, ukiletewa visheti, itazame kwanza karatasi iliyovifunga."