Ukwaju katika Sufuria ya Shaba

Bi Rukaiya alifunua sufuria ya shaba aliyorithi kwa mamake, akaona mchuzi wa ukwaju uliolala humo umefanya ukingo wa kijani. Bati lililopakwa ndani lilikuwa limechakaa. Ukali wa ukwaju ulikuwa umeila shaba, na mchuzi umegeuka sumu.

"Kuna aliyekula?" aliuliza.

"Bwana harusi tu," wifi yake Zamda akajibu. "Kausifu, akaomba bakuli la pili."

Nje wageni walikuwa wakinawa mikono. Bi Rukaiya akaipindua sufuria, mchuzi wote ukamwagika uani.

"Sasa watu watakula nini?" Zamda akapiga kelele.

Bi Rukaiya alikuwa ameshakimbilia chumbani kwa mkwewe.

"Mwanangu, tumbo halikuumi?"

Kijana alitabasamu kwa heshima, huku vidole vyake vimeishika kanzu mpya kwa nguvu, usawa wa kitovu.